Kruzi ya Baba Mdogo na Jani la Isale

Sasa wewe ulitaka pikipiki ifanye nini, iimbe? Nimekuambia inashika spidi yenyewe. Unaifikisha sabini, unabonyeza kitufe, unaachia mkono wa mafuta, nayo inakwenda sabini hiyohiyo mpaka uguse breki. Inaitwa kruzi. Pikipiki kubwa ya safari ya baba yangu mdogo haikutoka nayo kiwandani, tulinunua kando tukafungisha. Na kama unaona ni mbwembwe, subiri kwanza nikusimulie mkono wake.

Baba mdogo alikuwa akipandisha wageni mlimani tangu mimi sijaanza shule. Safari moja, karibu na kilele, mgeni alipoteza glovu, yeye akavua zake akampa. Alishuka na vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, na ganzi ile haijatoka mpaka leo. Kikombe anashika. Panga anashika, kwa kubahatisha. Lakini mkono wa mafuta lazima uukaze muda wote, na kutoka kwetu Uru hadi Same tu alikuwa anafika kakunja uso kama kalamba shubiri. Na pikipiki ile ndiyo starehe yake pekee. Hanywi, havuti, mpira haangalii.

Siku moja akasema huku anakunywa chai, bila kelele: "Kruzi ikikubali, nabaki nayo. Isipokubali mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, kuna mteja Himo anaitaka, aje aichukue."

Siku zile sikukaa nikatulia.

Aliyeifunga ni mzee mmoja mwenye gereji Pasua. Singasinga, kazaliwa hapahapa Moshi, Kichagga chake kinazidi changu. Mimi ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa video na kwa kuharibu vya watu, kwa hiyo zile waya nyembamba tulimwachia yeye. Siku alipomaliza tuliijaribu barabara ya Himo, ikashika. Baba mdogo alinyoosha mkono wa kulia pembeni akaupunga kama mtu anayekung'uta shati. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikamsikia anacheka ndani ya helmeti. Mimi kicheko kile ningekipigania na mtu yeyote.

Wiki iliyofuata ikagoma. Kitaa cha kwenye swichi kinawaka, unabonyeza, spidi haishiki. Nikakagua fyuzi. Nikakagua mpira mwembamba wa upepo unaoiendesha kruzi, kama umepasuka. Nikafuata waya wa klachi mpaka mwisho wake. Vyote vizima. Na huku nafungua na kufunga kichwani nilishahukumu: mzee katubambika kifaa feki. Jumatano nikashuka Pasua.

Shikamoo sikutoa. Nilianzia langoni.

"Mzee, umemfungia baba yangu takataka."

Alikuwa anafuta spana, akaendelea kufuta. "Mbe, kijana wangu, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Ilishika, sasa haishiki. Chuma hakibadili mawazo chenyewe. Umegusa nini?"

"Nimeshasema sijagusa. Wewe umezeeka, mikono inatetemeka, unajificha kwenye maswali."

"Huyu kameza betri," akasema fundi mmoja toka chini ya gari, wenzake wakacheka. Mzee hakucheka. Aliitundika spana mahali pake.

"Nenda nyumbani. Ukikumbuka, rudi."

Nikaondoka natukana mpaka kwenye lami.

Alhamisi mchana nilimkuta baba mdogo anaosha pikipiki uani. Anaosha kila kona, polepole, na nikajua maana yake. Alikuwa ameshapiga simu Himo, mteja anakuja kesho saa nne. Akafika nyuma, akakanyaga breki, akaangalia taa.

"Angalau atapata taa nzuri," akasema. "Hii uliyonifungia inamulika mpaka migomba ya jirani."

Nikakaa chini kwenye maji.

Ile taa. Jumapili baada ya ibada nilitoa balbu ya zamani ya breki nikaweka LED, ili malori ya Himo yamwone mapema. Nilipoulizwa umegusa nini, haikuja hata akilini, kwa sababu kichwani mwangu ile haikuwa kugusa. Ilikuwa zawadi.

Nikalichukua tena kijitabu cha kruzi, safari hii nikausoma ukurasa ambao huwa nauruka. Kumbe kile kiboksi, kabla hakijakubali kushika spidi, kinahakikisha kwanza breki imeachiwa. Kinahakikisha kupitia waya wa taa ya breki: kikipata njia ya kurudi kwenye hasi ya betri kwa kupitia ule uzi wa ndani ya balbu, kinaridhika. LED haina uzi. Kiboksi kinauliza, hakijibiwi, kinakataa kazi. Na kinafanya vizuri kukataa.

Balbu ya zamani ilikuwa kwenye kopo la misumari. Nikairudisha, tukashuka barabara ya Himo. Sabini. Akabonyeza, akaachia. Ikashika.

Lakini hakupunga mkono. Alisimama pembeni, akavua helmeti.

"Ulimwamkia yule mzee jana?"

"Hata shikamoo sikutoa," nikasema. "Nilimtukana."

"Basi mteja wa Himo bado anakuja. Siwezi kupanda kitu kilichofungwa na mtu tuliyemtukana. Mpaka apokee isale."

Kwetu ukimkosea mtu huendi mkono mtupu. Unachuma jani la isale pale mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, unalifunga fundo, unampelekea, na anayeletewa hawezi kukufukuza. Nililichuma asubuhi ya Ijumaa. Njia nzima nalitoa mfukoni, nalirudisha. Nilifika saa tatu kasoro.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaliona, akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea kama mtu wa kwetu kabisa. "Jani limeshaomba msamaha. Wewe?"

"Nimekumbuka. Niligusa taa ya breki."

"Sijasikia. Juzi mpaka watu wa lami walikusikia."

Nikarudia kwa sauti ileile ya Jumatano. Toka chini ya gari sauti ikasikika: "Balbu, ndugu zangu. Vita yote ile, balbu."

Mzee akalichomeka jani kwenye ubao wa spana. Akampigia baba mdogo, wakaongea Kichagga cha haraka, nikaambulia neno moja tu: Himo. Alipokata simu akaniambia: "Mteja anaambiwa asije. Na wewe lete ile LED yako. Tutaifungia rilei, kiswichi cha umeme cha kukijibu kiboksi, vyote viwili vikae. Ulikuwa na nia nzuri, ila ulikuwa na mdomo mkubwa kuliko akili."

Nikaifuata LED nyumbani. Safari hii, langoni niliaga.

Sasa wewe uliyekuwa unabisha, ambaye naona unacheka: mara ya mwisho kitu chako kilipogoma, ulianza kumkagua nani?