Alden na Majina ya Ubao

Kwa majira ya baridi ishirini na sita, Alden Tatro alifundisha somo moja tu kilimani kwetu: sehemu za ubao wa kutelezea thelujini. Wengine tulifundisha kupinda, kuruka na kuvunjika mikono. Yeye aliugeuza ubao chali, akagusa na kutaja: pua, mkia, tumbo, ukingo, vifungo. Kisha alimnyatia mwanafunzi na kumsukuma mgongoni. Mguu utakaotangulia kukuokoa usianguke ndio unaokaa mbele ubaoni.

Nilipofika, diploma nimeiacha nusu kama sandwichi iliyochacha, alinisukuma nikala theluji.

"Wewe hutangulizi mguu," akasema. "Unatanguliza mdomo."

Mwaka huu majina yakaanza kumtoroka. Pua akaiita kofia. Wazazi wakalalamika. Bosi wetu, Corinne, akasema Jumamosi atasikiliza somo zima; Alden akikwama, avue koti jekundu la ualimu. Mkewe alishazikwa. Bila koti lile angebaki na runinga na supu ya kopo.

Jumamosi, mbele ya watoto wanane, alianza vizuri. "Pua hii. Mkia huu. Tumbo, tunalipaka nta liteleze. Vifungo, vinashika buti." Nikaanza kupumua.

Kidole kikafika kwenye utepe wa chuma ubavuni. Kikasimama.

"Endelea, mzee," nikanong'ona.

"Funga bakuli lako. Nalijua."

Akavua glavu, akausugua ule utepe kwa dole gumba, mbele na nyuma, mpaka damu ikadondoka kwenye theluji.

"Hiki ndicho kinachouma barafu," akasema. "Kisipouma, umekwisha."

"Kinaitwaje?" mtoto mmoja akauliza.

Alden akamtazama Corinne.

"Ukingo!" nikaropoka.

"Sikukuuliza wewe," Corinne akasema.

Alisubiri watoto waende kunywa kakao. "Alden. Koti."

"Neno moja tu, Corinne. Wewe mwenyewe nilikufundisha yote."

"Najua," akajibu, mkono kaunyoosha.

Alden akalivua. Akabaki na sweta, akataka ateremke kwa ubao mpaka kwenye magari, mara ya mwisho. Akauweka chini, akainama kufunga buti, akaganda.

"Kijana, mimi huweka mguu gani mbele?"

Nikaukanyaga ubao usiteleze.

"Nisukume," akasema, akanipa mgongo.

Nikamsukuma, taratibu, mguu mmoja ukatangulia.

"Kushoto, mzee."

"Kushoto," akarudia, kama mwanafunzi.