Gari Lililokataa Kuteleza

Wakati wa vita, kule Bungulu, mtaa wa Beni, niliambiwa kwamba gari la kuchezea la telekomande, linaloongozwa kwa rimoti, likisikia redio ya askari iliyo karibu, linamwacha mwenyewe na kwenda kujiunga na jeshi. Moja lilipita baryeri, kizuizi cha askari barabarani, bila kusimamishwa, likaonekana Oicha limekwisha kupakwa rangi ya kijani. Niliamini. Mimi, niliyemaliza masomo ya jioni, nikaongeza na langu: lilikuwa limepewa cheo.

Basi nilikuwa nikichumbia binti wa Butembo. Kwao, kaka wa binti humpima mkwe kabla watu hawajataja mbuzi wa mahari. Wengine hupewa shoka na gogo. Kaka yake huyu alikuwa mfanyabiashara, ametoka Dubai na kartoni ya magari hayo. Barabara ilikuwa imefungwa, depo yake, ghala la kahawa, imebaki tupu, sakafu ya simenti inang'aa kuliko upara wa mchungaji. Jumapili, baada ya ibada, vijana walitelezesha magari humo, mchumba wangu akitazama.

"Shemeki," akaniambia, "chagua moja ya kuanzia. Izunguke ile beseni ya katikati kwa kuteleza, kiubavu-ubavu, nitakusemea kwa baba. Ikishindwa, mutu mwenye hajue kuchagua gari, atachagua bibi namna gani?"

Akaniwekea mawili. La kwanza lilikuwa la chini-chini, magurudumu yake ya plastiki laini, antene ndefu. Kwa antene hiyo lingesikia askari wa mbali; nikaliona ni mtoro tangu kuzaliwa. La pili lilikuwa nene, antene kama kidole, magurudumu ya mpira yenye meno ya mamba. Nikaikumbuka barabara ya Beni, ambako lori hukwama kwenye tope hadi dereva anavuna maharage aliyopanda kando yake. Nikachagua lenye meno, kwa sauti ya profesa.

Nikabonyeza. Likaenda vizuri mpaka karibu na beseni. Nilipokata kona ili mkia uteleze, meno yakashika simenti, gari likapinduka na kulala chali, magurudumu yakipiga hewa kama mende anayeomba msamaha. Nikarudia. Likapanda beseni.

"Lakini nitamwambia baba nini?" kaka mtu akauliza, ameketi juu ya gunia.

"Ile ingine ingekimbilia kwa askari," nikajitetea. "Ya Bungulu ilifika Oicha."

Depo nzima ikacheka, isipokuwa mchumba wangu. Yeye aliokota lile lenye antene ndefu, akaliweka sakafuni, akanipa telekomande yake. Nikabonyeza kidogo, nikakata kona. Likageuka ubavu, likaizunguka beseni yote bila kuigusa, laini kama sabuni kwenye sahani.

"Nitakusemea," kaka akasema. "Lakini vitu vya nyumba achague yeye."

Nilikuwa nimeuziba mlango kwa mguu, gari lisije likatoka.

"Ondosha mguu," mchumba wangu akasema. "Gari inasikia telekomande yake tu, redio ya askari ni ingine. Na kama unataka kuteleza, unachagua magurudumu laini, hapana ya meno."