Zinahesabiwa Sahani

Nilikuwa nakatakata majani ya sukuma, miguu ingali imevimba baada ya zamu ya kutunza wazee hapa ughaibuni, mume wangu James aliponipigia simu. Barabara imeganda, akasema, magari yamegongana mbele yao karibu na Saint Louis Park, na yeye na kijana wetu Brian wamekwama. Simu ikakatika.

Binti yetu Wambui alikuwa mezani na kitabu cha shule, riwaya ya familia moja ya Ireland ambamo baba hulewa na watoto hulala njaa. Akaanza kuhesabu kwa sauti nani yupo na nani hayupo.

"Usihesabu watu," nikamwambia.

"Mum, ni hesabu tu," akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Nikamsimulia. Nilipokuwa mtoto wa umri wake, kule Molo, baba yangu alirudi kutoka kilabuni akatukuta tunakula. Akatuhesabu kwa fimbo, akigonga kichwa baada ya kichwa, akianzia kwa kaka yangu mkubwa, Njoroge. "Wote hawa wanakula jasho langu?"

"Watoto hawahesabiwi," mama yake, Cucu wetu, akamwonya. "Watapungua."

"Mbona mbuzi nawahesabu?"

"Na wako wapi?"

Mbuzi wote Baba alikuwa amewauza, akawanywa kilabuni. Njoroge akacheka, na fimbo ikamshukia yeye.

Kabla ya mahindi kuvunwa, Njoroge aliondoka na sweta yake ya shule. Mpaka leo hatujui aliko. Cucu alisema ni ile hesabu, na sote tukakubali. Ilikuwa rahisi kukubali. Kama ni hesabu iliyomchukua, hakuna aliyehitaji kuitaja fimbo. Tangu hapo Mama alihesabu sahani, si watoto, na kwa muda mrefu sahani moja ilibaki tupu.

Wambui alifunga kitabu. "Kwa hiyo aliyemfukuza alikuwa baba yako."

"Alikuwa baba yangu," nikasema. Sikuwahi kulisema hilo kwa sauti. "Hesabu haijamfukuza mtu nyumbani. Lakini leta sahani."

Ugali ulikuwa umeshaiva waliposikika mlangoni wakikung'uta theluji viatuni.

"Mum, leo hakuna nyama?" Brian akauliza.

"Kuna sukuma."

James alinitazama. "Mbona unatuangalia hivyo?"

"Kaa, chakula kinapoa."

Nikapakua, nikazihesabu sahani kimyakimya. Kila moja ilikuwa na mtu wake.