Vipago vya Kupandia Mwaloni

Mume wangu alianza kuwinda akiwa tayari na mvi kichwani. Yeye ni mtu wa kompyuta. Miaka yote anatoka nyumbani kwetu Gaithersburg, huku Marekani, asubuhi, anakaa kwenye foleni ya magari ya barabara kuu ya 270, na jioni anarudi amekunja uso. Kisha mwenzake mmoja wa kazini akamwalika msituni msimu wa kulungu, na siku hiyo alirudi na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tulipokuwa wachumba. Mwaka uliofuata alisoma mafunzo ya usalama, akapata leseni, akanunua upinde. Anataja jina la Mungu kabla ya kuachia mshale, na nyama tunagawana na jamaa zetu wanaokaa mji wa Lanham, ambao huipikia pilau na kutusifu kupita kiasi.

Nyama sikuikataa. Nilichokiogopa ni miti. Kulungu hana habari na kilicho juu ya kichwa chake, kwa hiyo mwindaji wa upinde hupanda mtini, akakaa kwenye kiti kidogo kilichofungwa kwenye shina, akamngoja apite chini. Mimi tangu utotoni mahali pa juu pananishinda. Zile ngazi za umeme za stesheni za treni ya Metro, ndefu zinazozama ardhini, nikizishuka lazima nimshike mtu mkono, na wanangu hunicheka kwa Kiingereza. Basi kila mume wangu alipokwenda kuwinda, nilimuona akilini mwangu yuko chini, amelala kifudifudi kwenye majani makavu, na hakuna mtu anayejua alipo.

Mwaka jana nikamwambia, "Baba watoto, mwaka huu nakuja na wewe."

"Kufanya nini?"

"Kukaa chini ya mti."

Alicheka, lakini hakukataa. Nadhani alifurahi.

Alikuwa amepata ruhusa kwa mjane mmoja wa Kimarekani mwenye shamba la soya huko kaskazini, soya ambayo kulungu walikuwa wakiila kama yao. Ruhusa ile aliiomba mara mbili: kwanza ya kuwinda, halafu ya kutoboa mti. Misitu ya serikali hairuhusu kabisa kutoboa, na mume wangu alitaka kupanda kwa vipago vya skrubu. Hivyo ni vyuma vifupi vya kukanyagia. Upande mmoja vina ncha kali yenye skrubu, unaiingiza kwenye shina kwa kuzungusha, na upande wa pili unabaki nje kama kipago cha ngazi. Unakaza kimoja, unapanda, unakaza kingine juu yake.

Tulikwenda kuvinunua pamoja. Dukani palikuwa na aina nyingi kuliko nilivyodhani. Mume wangu alivutwa na vile vinavyokunjika, kwa sababu vinaingia mfukoni na ni vyepesi. Nilikishika kimoja, nikakikunja na kukikunjua, nikaiona ile bawaba yake nyembamba.

"Uzito wako wote utakuwa hapa?" nikamuuliza, nikimwonyesha.

"Vimepimwa, mama. Vinabeba."

"Mimi nakuuliza wewe, si waliovipima."

Mwishowe tulichukua vya kipande kimoja, chuma kinene kilichopindwa, na mwishoni kimeinuka kidogo ili kiatu kisiteleze kikaporomoka pembeni. Tulichukua na vya ziada. Mkanda wa usalama alikuwa nao tayari: unavaliwa mabegani na mapajani, na nyuma ya mgongo una kamba inayofungwa kwenye shina juu ya kichwa. Njiani kurudi nilimuuliza mtu akianguka nao inakuwaje. Akaniambia alivyofundishwa, kwamba mkanda utakushika, lakini usining'inie muda mrefu. Ile mikanda ya mapajani inabana, damu inakwama miguuni, na mtu anaweza kufa akiwa hajavunjika hata mfupa. Lazima upate pa kukanyaga. Alilisema hilo huku akitafuta nafasi ya kuhamia njia ya kushoto, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Usiku ule sikulala vizuri.

Jumamosi tuliyokwenda kuandaa mti kulikuwa na jua, na majani yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kugeuka rangi. Alichagua mwaloni mkubwa ulionyooka, kwenye ukingo wa msitu. Aliugonga kwa kiganja, akautazama kutoka chini mpaka juu, akasema huu ni mzima. Mti wa mwaloni ni mgumu. Kila kipago alikianzishia kwanza kitundu kwa keekee ya mkono, kisha akakizungusha huku ameuma meno, mpaka chuma kikagusa gome na mti ukalia kidogo. Kiunoni alikuwa na kamba iliyozunguka shina ikimshikilia. Mimi nilisimama chini nikimpa kimoja kimoja vile alivyoweza kuvifikia, halafu vingine akavivuta kwa mfuko uliofungwa kwenye kamba nyembamba.

Alipofika juu, karibu usawa wa dirisha la juu la nyumba yetu, nilimsikia akisema, "Hiki kimeingia kama kwenye siagi."

Kilikuwa karibu na kovu la tawi lililokatika zamani. Nikafurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi. Wala yeye hakuwaza zaidi.

Alikivuta kiti kwa ile kamba nyembamba, akakifunga upande wa pili wa shina, akafunga kamba ya mgongoni juu ya kichwa chake, akafungua ile ya kiunoni ili azunguke kukaa. Mguu mmoja ulikuwa kwenye kile kipago cha juu kabisa. Nilikuwa namtazama. Nikaona kipago kinatoka mtini na ungaunga mweusi wa mti uliooza, bila hata sauti, kama jino bovu.

Kamba ilimkamata chini ya kiti. Alijigonga kwenye shina na nikasikia akipiga kelele fupi. Kisha akawa ananing'inia upande ule usio na vipago, miguu inatafuta pa kukanyaga na haipati. Vipago vyote vilikuwa nyuma ya shina, na shina lile mikono yake isingeweza kulizunguka hata angekuwa mzima. Hakuwa mzima. Mkono wa kulia ulikuwa umelala.

"Niko sawa," akasema. "Bega tu. Piga simu."

Nilipiga namba ya dharura. Mwanamke aliyepokea alizungumza polepole na kwa upole, akaniuliza anwani. Sikuijua anwani. Nilijua geti jekundu na sanduku la posta lenye picha ya bata. Nilimweleza hivyo, na Kiingereza changu, ambacho nakitumia kila siku kazini, kilikuwa kinakatika kama cha mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Akasema watatupata kwa simu yangu, lakini wanatoka mbali kidogo. Akauliza kama ana pa kuweka miguu.

"Hana," nikasema.

Nikatazama juu. Mume wangu alikuwa ameacha kupiga miguu.

"Miguu imeanza kufa ganzi," akasema, na sauti yake haikuwa tena ile ya kunituliza.

Kwenye mfuko, ambao alikuwa ameushusha ili avute kiti, kulikuwa na vipago vilivyobaki. Niliutia begani. Keekee ilikuwa imeanguka kutoka mfukoni mwake, nikaiokota kwenye majani. Ile kamba nyembamba ya kuvutia mizigo nikaivuta ikaanguka, nikaibeba pia. Simu niliiacha juu ya jiwe, yule mwanamke bado anazungumza.

Kipago cha kwanza hakikuwa kitu. Cha pili vilevile. Baada ya hapo mwili wangu ukaanza kunikatalia. Nilishika chuma kwa nguvu mpaka vidole vikakosa rangi, na kila nilipotaka kuachia mkono mmoja kushika cha juu yake, mkono haukuachia. Ilibidi niuambie. Niliweka uso kwenye gome, nikanusa ule mti, na nikapanda nikiwa nimefumba macho, nikipapasa. Nilikuwa na hakika kila chuma nilichokikanyaga kitatoka kama kile. Sikuwa nafikiri kuhusu kifo changu. Nilikuwa nafikiri kwamba nikianguka, ataniona.

Nilipofungua macho, viatu vyake vilikuwa upande wa pili wa shina, karibu na kifua changu. Havikutikisika.

"Unanisikia?"

"Nakusikia," akasema taratibu. "Shuka, mama. Utaanguka."

"Nyamaza."

Kutoboa kunataka mikono miwili. Nikairusha ile kamba kulizunguka shina, ikanipita, nikairusha tena, mara nyingine ikarudi, nikaikamata na kujifunga chini ya kwapa kwa fundo ambalo marehemu mama yangu alikuwa akifungia mizigo ya safari. Sikuiamini hata kidogo. Ilikuwa kamba ya kuvutia mfuko. Lakini nikajiegemeza nyuma, kidogo, kidogo tena, ikakaza, na mikono yangu miwili ikawa huru.

Niliinama pembeni mwa shina mpaka nikafikia chini ya mguu wake wa kushoto. Keekee ilikwama kwenye mti mgumu, na mara ya kwanza maishani mwangu nikashukuru ugumu: hapa hapakuwa pameoza. Niliweka ncha ya kipago kwenye kitundu nikazungusha. Kilizunguka nusu, kikagoma. Nikazungusha kwa viganja vyote viwili, ngozi ikachubuka, jasho likaniingia machoni. Chini yangu sikuthubutu kutazama. Kilipogusa gome na mti ukalia, nikaukamata mguu wake kwa mikono yangu, mzito kama si wa mtu aliye hai, nikauweka juu ya chuma.

"Kanyaga."

"Siusikii."

"Kanyaga hivyohivyo. Nyoosha goti."

Alinyoosha. Nikaiona kamba ya mgongoni kwake inalegea, kidogo tu, na nikamsikia akivuta pumzi ndefu yenye kite. Kisha nikakaza kingine kwa ajili ya mguu wa pili.

Hapo tulibaki, yeye upande wake na mimi upande wangu, tumelikumbatia shina moja bila kuonana nyuso, mpaka tukasikia ving'ora. Damu ilipoanza kurudi miguuni alilia kwa maumivu. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilia. Nilitaka kumshika mkono lakini sikuweza kuuachia mti.

Wazima moto walimshusha kwa kamba zao. Mimi nilishushwa na kijana mrefu aliyepanda nyuma yangu akaniwekea mguu mmojammoja kwenye kipago, kwa sababu kushuka peke yangu nilikataa katakata. Hospitalini walimrudishia bega mahali pake, wakamweka usiku mmoja wakipima damu na mkojo kuona kama figo zimedhurika, wakatuambia amebahatika.

Asubuhi yake, nilipokuwa nimekaa kando ya kitanda chake, akanigeukia.

"Unajua ulikuwa unasema nini ulipokuwa unapanda?"

"Nilikuwa namwomba Mungu."

"Ulikuwa unanitukana," akasema. "Kutoka chini mpaka juu. Mimi, na ukoo wangu wa Tanga wote. Matusi mengine sikuwahi kuyasikia."

Nilidhani ananitania, lakini alikuwa na machozi. Akasema alikuwa ameanza kuona giza, usingizi unamvuta, na sauti yangu ya ugomvi ndiyo iliyomzuia asilale.

Sikukumbuka neno hata moja. Nilijaribu kucheka, na badala yake nikatetemeka, mwili mzima, hata muuguzi akaja kuniwekea blanketi. Nilitetemeka vile mpaka mchana.

Msimu ule hakuwinda. Mwaka huu anawinda kutoka chini, kwenye kibanda cha turubai, na anarudi mikono mitupu mara nyingi. Hajalalamika. Mjane wa lile shamba alitupigia kusema vyuma vyetu bado viko mtini, akauliza tutakwenda lini kuvitoa. Mume wangu alisema wiki ijayo, na wiki ijayo yake imefika miezi. Simkumbushi.

Mimi sasa nikipita chini ya mti mkubwa, hata huu wa mtaani kwetu mbele ya maegesho, naharakisha. Mikono yangu inajikunja yenyewe ndani ya mifuko ya koti, inashika kitu ambacho hakipo.