Kitambaa cha Kuchujia Maji

Wiki iliyopita nilivuka kijito cha Nyarugusu baada ya mvua. Chupa na viroba vilikuwa vimejazana chini ya daraja, na ile harufu ya tope na dizeli ikanirudisha utotoni.

Mchana mmoja wa miaka ile, mama na jirani yetu, Mama Kulwa, walikuwa wakiokota takataka zilizoshuka kutoka mwaloni, kule juu wachimbaji walikooshea dhahabu.

"Wachafue wao, tuokote sisi?" Mama Kulwa alifoka. "Waje wenyewe!"

"Wao hawanywi haya maji, mayu," mama alimjibu bila kuinua kichwa. "Sisi ndio tunakunywa."

Mimi nilikuwa nimeokota kichupa chenye zebaki. Ilikuwa nzito, inang'aa, inakimbiakimbia kiganjani. Nilikuwa nimemwona baba akiichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha akiikamua kwenye kitambaa mpaka dhahabu ikabaki. Basi nilikwenda nyumbani, nikachukua kitambaa cheupe cha mama cha kuchujia maji ya kunywa, nikakamua, nikakamua. Dhahabu haikubaki. Sikujua kuwa zebaki ni sumu; nilichoogopa ni kuchapwa tu kwa kukichezea, hivyo nilikikung'uta, nikakirudisha juu ya ndoo.

Jioni mama alichujia maji kwa kitambaa kile. Akajaza kikombe, akanywa chote, akasema kazi yao imesaidia, maji ya leo ni safi.

Siku hizi mikono yake inatetemeka. Ndugu zangu wanasema ni uzee. Mimi humshikia kikombe anywe, na bado sijawaambia habari ya kitambaa kile.