Pesa Chini ya Jiwe la Ghala

Wenzangu wa chama, mmenisikia nikinung'unika pale nyuma mwekahazina aliposema kwamba asiyeweka akiba ya dharura ni mvivu. Basi acheni nisimame niwape habari za mguu huu. Vidole viwili havipo, na najua mnaogopa kuniuliza.

Kabla ya Hali ya Hatari ya wakoloni tulikaa karibu na msitu, upande wa Imenti. Nilikuwa na nguvu zangu. Nililima maharagwe na wimbi, nikauza sokoni, na kilichobaki nilikitia kwenye mkebe wa samli. Mkebe niliufukia chini ya jiwe lililobeba mguu mmoja wa ghala langu. Mnajua kwetu mwanamume hagusi ghala la mkewe, kwa hiyo hata mume wangu Mwirigi hakujua. Nilijiona mjanja.

Kisha askari wakaja kutuhamishia kijiji kipya. Walisimama uani na mienge, wakituhimiza. Ningeliinua jiwe mbele yao, wangezichukua pesa na kusema ni za wapiganaji wa msituni. Nikambeba mtoto wetu Karimi, nikachukua blanketi na sufuria, nikaondoka, nyumba na ghala vikiwaka nyuma yetu. Tangu siku hiyo upande ule ulipigwa marufuku. Aliyeonekana huko alipigwa risasi bila kuulizwa jina.

Kijijini tulichimbishwa handaki la kuzunguka nyumba zote, na chini yake tukachomeka mianzi iliyochongwa. Mwanzi mmoja ukanichoma unyayo. Niliuchomoa, nikafunga jani la mbarika, nikaendelea kuchimba, kwa sababu asiyechimba alichapwa. Mguu ukavimba mpaka gotini. Mtoki ukanitoka kinenani. Usaha ulinuka hata Karimi akakataa kulala nami.

Dresa wa dispensari, mfunga vidonda, aliubonyeza, akageuza uso.

"Mama, huu mguu unaoza. Nenda hospitali ya misheni. Lakini kule watataka pesa kwanza."

Mwirigi akaketi karibu yangu. "Mama Karimi, najua wewe hukosi kitu. Niambie kiko wapi."

"Kiliungua na ghala."

"Shilingi haziungui."

Nikamgeuzia mgongo. Nilimjua mtu wangu. Angelivuka handaki siku hiyo hiyo, na angelirudishwa maiti kama walivyorudishwa wengine.

Homa ikapanda, nikaanza kuweweseka. Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa kufa. Niliogopa hata kusinzia, nisije nikalitaja lile jiwe. Nikamwita Kagendo, dada yake Mwirigi, nikamnong'oneza, "Nikianza kusema mambo ya ghala, usimwache ndugu yako asikie." Sauti ya Kagendo ni ya kufukuza nyani shambani, lakini kila nilipofungua mdomo aliimba nyimbo za kanisa mpaka majirani wakalalamika. Nilipozinduka nilimwuliza, "Nimesema?"

"Umesema. Lakini nani angekusikia?"

Kisha nilimtafuta Mwirigi kwa macho. Nikimkosa, roho iliniruka mpaka nione kichwa chake kikiinama mlangoni.

Sasa, alikuwako Mzee Abdala, Mwislamu, mchinjaji wa Meru mjini. Alikuwa na pasi ya kusafiri, akizunguka na lori kununua mbuzi na ngozi. Mwirigi alimfuata kwenye lango la kijiji. Zamani Mwirigi alikuwa amempa rafiki yake wa Muthara mbuzi jike amchungie. Wazee wetu walifanya hivyo ili balaa ikiingia kwako isikute mali yote mahali pamoja.

"Mzee, niko na mbuzi Muthara, kwa M'Ikiara," Mwirigi alimwambia. "Sikio la kushoto limekatwa ncha. Mchukue, wewe unipe pesa ya hospitali."

Abdala alikuja mpaka mlangoni kwetu, akanusa. "Huyu mama hawezi kungoja mbuzi. Mbuzi nitamwona baadaye. Mleteni kwa lori."

Kibali cha kunitoa alikwenda kukiomba yeye mwenyewe kwa mkuu wa kijiji. Nikasafiri juu ya ngozi mbichi. Kwa harufu, tulilingana.

Daktari alinipasua, usaha ukajaa beseni. "Vidole viwili vimekufa," alisema. "Mguu tutaupigania." Nilidungwa sindano za penisilini mpaka nikashindwa kukaa. Mawazo yangu yote yalikuwa nyumbani. Kila aliyefika kutoka upande wetu nilimwuliza kama kuna mtu aliyepigwa risasi. Nilipoteremshwa langoni na gongo langu, nilimwona Mwirigi amesimama na Karimi begani. Nikalia mbele ya askari bila haya.

Hali ya Hatari ilipokwisha, tulirudi shambani nikamwonyesha lile jiwe. Alilitazama, akautazama msitu.

"Ningekuja," akasema.

"Najua."

Kwa hiyo, mwekahazina wetu, si kila mtu anaweza. Pale kijijini tulichimba mchana kutwa bila kulipwa hata ndururu. Ungetuambia tuweke nini? Anayeweza, aweke, tena isiwe yote mahali pamoja, wala mahali ambapo mtu wako lazima afe ndipo aifikie. Na kidonda usikifunge jani ukanyamaza kama mimi. Namshukuru Mungu, na Kagendo, na Abdala aliyenunua mbuzi ambaye hajamwona.

Mwirigi tulimzika juzi, mlikuwepo. Alikuwa hana jino hata moja. Alikufa kitandani kwake, akinigombeza kwamba chai haina sukari.