Kodiani Yangu na Wimbo wa Yunisi

Ninaikiri aibu hii kwa hasira, nami ndiye ninayestahili hasira hiyo. Bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani, nilinunua kodiani ya safu moja ya vitufe huko Chang'ombe, nikatangaza kwamba nitaipigia kwaya ninayoifundisha siku ya harusi ya binti yangu, Yunisi.

Mama Chilewa, kiongozi wa sauti ya kwanza, alinionya. “Shikamoo, Mwalimu. Do ya kodiani hiyo, sauti ya kuanzia, ni moja, haipandi wala haishuki. Tuchague nyimbo zinazoifaa.”

“Marahaba. Umeyasoma wapi hayo?” nilimkemea. “Mimi sili maneno ya kuokota. Do ni do!”

Nikachagua wimbo nilioupenda mwenyewe, nikazisoma noti zake nyumbani Makole na kuzipiga peke yangu bila kosa.

Yunisi alipotokea mlangoni mwa kanisa, nilianza kwa madaha. Kabla ubeti haujaisha, akina mama wa kwaya walikuwa wakipiga mayowe kama waliovamiwa na nyuki, kisha wakanyamaza wote. Bibi harusi akasimama. Kodiani ikaendelea peke yake.

Mama Chilewa akaweka kidole juu ya karatasi yangu. “Mwalimu, soma hapa juu ya wimbo: Do ni G. Do ya kodiani yako ni C, iko juu zaidi. Umetupandisha hadi darini.”

“Baba,” Yunisi akasema, kanisa zima likisikia, “iweke chini, niingie.”